MASWALI YA WASOMAJI: Bei ya Safari Huanzia Mlangoni Pako

Assalam aleikum. Sisi ni watatu: mimi, mume wangu na mtoto wa miaka tisa. Desemba skuli zikifungwa twataka kwenda Malaysia wiki moja, na tukiweza tuone na kisiwa. Wakala wa kwanza ataka dola 1,390 kwa mtu mzima na 1,090 kwa mtoto. Wa pili, shilingi 149,000 kwa kila mtu. Wa tatu, dola 640 kwa mtu mzima na 380 kwa mtoto, lakini tiketi tujitafutie. Tumeziona kwa shilingi 110,000 mtu mzima na 85,000 mtoto. Karatasi zao nimeziambatisha. Mume wangu amempenda wa tatu. Ipi iliyo rahisi hasa?
*Bi. S., Langoni, Lamu*

Aleikum salaam, Bi. S. Bei hizo zilivyo hazilinganishiki, maana moja imetajwa kwa shilingi na mbili kwa dola, moja haina tiketi, na idadi ya usiku si sawa. Chukua daftari, piga mistari upate safu tatu, moja kwa kila wakala, kisha geuza kila kitu kiwe shilingi kwa familia nzima. "Kwa mtu" isikushughulishe kabisa, kwani mfuko utakaolipa ni mmoja.

Tuseme dola moja ni shilingi 130. Wa kwanza: wazima wawili dola 2,780, mtoto 1,090, jumla 3,870, yaani shilingi 503,100. Wa tatu: dola 1,660, ambazo ni shilingi 215,800, ongeza tiketi 305,000, upate 520,800. Basi huyo aliyeonekana nusu bei ndiye aliyepita wote, ingawa kwa kidogo.

Wa pili ndiye wa kusomwa kwa miwani. Mtoto wenu anatozwa sawa na mtu mzima, kwa hiyo ni 447,000. Chini ya karatasi yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa kuwa kodi za ndege ziko kando, shilingi 24,000 kwa mtu. Hizo ni 72,000 nyingine, na hesabu yafika 519,000. Tena juu ya bei pana neno "kuanzia". Neno hilo lina maana kwamba bei hiyo ni ya tarehe ya chini kabisa katika msimu, na Desemba si tarehe hiyo. Mwambie akuandikie bei ya siku yenu ya kuondoka, si nyingine.

Halafu hesabu usiku, usihesabu siku. Wote watatu wameandika "siku 7", lakini wa pili ana usiku tano hotelini na wenzake wana sita. Siku ya kusafiri na siku ya kurudi zimetiwa ndani ili zijaze namba. Gawa jumla kwa usiku: wa kwanza 83,850, wa tatu 86,800, wa pili 103,800. Hapo picha imegeuka. Kwa namba hizi sisi tungemchukua wa kwanza, kwa sharti akubali kuandika mambo yafuatayo kwenye karatasi yake.

Mtoto atalala wapi? "Mtoto bila kitanda" ni mtoto kulala katikati yenu. Kwa miaka tisa, usiku sita, hilo halitapendeza mtu. Ulizeni bei ya kitanda cha ziada. Chakula je? Karatasi ya kwanza yasema staftahi tu, kwa hiyo mchana na usiku ni juu yenu. Kwenye vibanda vya chakula Kuala Lumpur sahani ya wali na kuku hupatikana kwa ringgit (pesa ya Malaysia) 15 au chini, na chakula cha halali kiko kila pembe. Watu watatu, milo miwili, siku sita, ni ringgit 540. Tukikadiria ringgit moja kwa shilingi 30, hizo ni 16,200. Mkila ndani ya hoteli, zidisheni mara tatu au nne. Pia kuna kodi ya utalii ambayo mgeni huilipa mwenyewe mapokezi: ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, yaani 60 kwenu. Si nyingi, ila huwakera watu kwa kuwa walidhani wamekwisha kulipa.

Wakala wa tatu ameandika "viza 6,500 kwa mtu". Ifuteni. Mwenye pasi ya Kenya anayekwenda kutembea Malaysia haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 30. Kinachotakiwa ni kujaza fomu ya kuwasili ya kidijitali, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni bure. Pasi iwe na muda wa miezi sita mbele. Na msisahau kadi ya manjano: Kenya imo katika orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na kwa atokaye kwetu Malaysia hutaka cheti cha chanjo. Chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari ni kazi bure. Aliyekwisha kuchanjwa hana haja ya kurudia. Tangu Julai 2016 cheti kimoja chatosha maisha.

Sasa tuje kwenye lile ambalo karatasi zote tatu zimelinyamazia. Bei zote zinaanzia Nairobi, na nyinyi mko Langoni. Kuna boti ya kuvuka hadi uwanja wa ndege wa Manda, kuna ndege ya kwenda Nairobi, na kuna kurudi kwake. Ulizeni ndege hiyo yatua wapi. Nyingi hutua Wilson, na ndege ya ng'ambo yaondoka Jomo Kenyatta. Baina yao pana teksi na msongamano wa Nairobi. Ndege ndogo za Wilson aghalabu huruhusu kilo 15 kwa mtu, tena katika mfuko laini, hali ndege kubwa itawapa 23 au zaidi. Mwendo wa kwenda huenda usiwasumbue. Wa kurudi, mkiwa na masanduku ya zawadi, ndipo mizani itakapowatoza. Na Desemba ndio msimu wa wageni kuja Lamu, viti vya Manda hujaa mapema na bei hupanda. Kateni hizo kwanza, kabla hata ya arubuni ya Malaysia. Mkipenda njia ya nchi kavu, ni boti hadi Mokowe kisha basi, rahisi zaidi lakini siku nzima inakwenda.

Msiondoke Lamu siku ileile ya ndege ya ng'ambo. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali hazijuani: ndege ya Manda ikichelewa mkakosa ile kubwa, hakuna anayewajibika kuwapa viti vingine. Usiku mmoja Nairobi, kwa kweli, ndio bima ya bei ndogo kuliko zote.

Jambo la mwisho, kwa kuwa mmetaja kisiwa. Wakala akiwapeleka Langkawi, sawa, huo ni upande wa magharibi. Akiwapeleka Perhentian au Tioman, kataeni. Upande wa mashariki Desemba una monsuni, bahari huchafuka na hoteli nyingi hufungwa. Watu wa Lamu mwajua kusi na kaskazi, hili halihitaji maelezo marefu.

Nakwenda Dubai mwezi wa nane. Nibebe dola, nitumie kadi, au nibadilishe kila kitu Malindi?
*Bw. A., Barani, Malindi*

Changanya. Beba dola za siku mbili tatu, noti safi zisizochanika, na kadi kwa hoteli. Usibadilishe shilingi kwa dirham huku kwetu: dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dirham 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo dola haikupotezei kitu ukifika. Shilingi ndiyo ipotezayo, kwa hiyo ulinganishe bei ya *kuuzia* dola ya benki na ya maduka ya fedha. Bei inayosomwa kwenye habari ni ya katikati, hakuna atakayekuuzia kwa hiyo.

Mashine ya kadi dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi au dirham, bonyeza dirham. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye apangaye kiwango, na hukipanga kwa faida yake. Weka pia kando dirham 7 hadi 20 kwa usiku kwa chumba, kodi ya utalii, kulingana na nyota za hoteli. Na usishangae bei za hoteli mwezi wa nane kuwa chini: joto hupita nyuzi 40, na ziara za nje hufanywa alfajiri au usiku.

Wakala ataka arubuni ya shilingi 60,000 kwa namba yake ya simu, amenitumia "tiketi". Nitajuaje kama ni ya kweli?
*Msomaji, Malindi mjini*

Karatasi uliyotutumia ina herufi na namba sita tu. Hizo ni namba za nafasi, na nafasi hushikwa bila kulipiwa hata senti, kisha hufutika yenyewe baada ya saa chache au siku. Tiketi iliyolipwa ina namba ya tarakimu 13. Mwombe hiyo, kisha ingia mtandao wa shirika la ndege lenyewe uitazame kwa jina lako. Kama haipo, hujanunuliwa kitu.

Leseni ya wakala hutolewa na Tourism Regulatory Authority, mamlaka ya serikali inayosimamia utalii. Iombe, uangalie mwaka wake. Pesa ziende kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la biashara, ile ile iliyo kwenye leseni, na risiti iandike ni kiasi gani kitarudi ukiahirisha na kufikia tarehe gani. Akisema "tutaelewana", usitume.