Betri ya moyo kwa mgonjwa wa AF: ya kujua kabla hujagusa programa (mashine ya kuipangia betri)

Karibuni kliniki ya betri za moyo (pacemaker). La kwanza kabisa: betri haizimi AF, yaani mtetemo usio na mpangilio wa atiria, vyumba vya juu vya moyo. Atiria zikishaanza kutetema mara 350 hadi 600 kwa dakika, hakuna mpigo wa betri utakaozishika. Mgonjwa anayeondoka hapa Upanga akiamini amepona huacha dawa ya kuzuia damu kuganda, na kiharusi humkuta nyumbani. Mwelezeni waziwazi, na ndugu aliyemsindikiza asikie.

Kisha ulizeni: betri hii iliwekwa kwa kazi gani?

Mara nyingi ni AF inayokuja na kuondoka kwa mtu ambaye nodi yake ya sinasi (chanzo cha mapigo ya moyo) imechoka. Angalieni ECG (mchoro wa umeme wa moyo) pale AF inapokatika: mapigo ya haraka yasiyo na mpangilio, halafu mstari mtupu sekunde 4 au 5 kabla P (wimbi la atiria) haijatokea. Mzee huanguka hapo. Ukimpa bisoprololi (dawa ya kupunguza mapigo) bila betri, ukimya huo unarefuka. Akiwa na betri, dawa inawezekana. Wekeni waya mbili, modi ya DDD (betri inasikiliza na kupiga atiria na ventrikali, vyumba vya chini), na kama njia ya AV, ipelekayo umeme kutoka atiria hadi ventrikali, ni nzima, refusheni muda wa AV (kati ya mpigo wa atiria na wa ventrikali) ili ventrikali ipige yenyewe. Jaribio la MOST la Marekani lilionyesha kwamba kadiri ventrikali ya kulia inavyopigwa na betri, ndivyo AF na moyo kushindwa kufanya kazi vinavyoongezeka.

AF ikiwa ya kudumu na mapigo ni ya polepole, waya mmoja wa ventrikali na modi ya VVIR (betri inasikiliza na kupiga ventrikali tu, na huongeza mapigo mgonjwa akijishughulisha) vinatosha. Waya wa atiria hapo ni gharama tu.

Kazi ya tatu inahitaji umakini zaidi: mapigo ya kasi yasiyotulizwa na dawa, mpaka nodi ya AV inachomwa. Tangu hapo mgonjwa anategemea betri, kwa hiyo hakikisheni kwanza waya umeshika, kizingiti (umeme mdogo kabisa unaoufanya moyo upige) kisichozidi volti 1 au karibu na hapo. Baada ya kuchoma, wekeni mapigo 80 hadi 90 kwa mwezi 1 hadi 3, ndipo mshushe taratibu. Ukikimbilia 60 siku ileile, ventrikali iliyozoea kasi inaweza kuingia kwenye mapigo hatari na mgonjwa akafa ghafla.

Kwenye programa, kosa linalojirudia ni usikivu wa atiria. Mawimbi ya AF ni madogo. Wekeni milivolti 0.3 hadi 0.5. Ukiacha 1 au zaidi, betri huyaona machache tu, haibadili modi ili iache kufuata atiria, na ventrikali inafuatishwa hadi kasi ya juu iliyopangwa. Mgonjwa atalalamika kwamba moyo unamwenda mbio, nawe utailaumu AF. Kinyume chake pia hutokea: kaunta ya betri inasema AF kila siku, kumbe betri inahesabu QRS (wimbi la ventrikali) ya mbali kama P. Fungueni elektrogramu, mchoro wa umeme uliorekodiwa na betri. Kama alama ya pili ya atiria inaangukia palepale kila baada ya QRS, hiyo si AF. Ongezeni muda wa atiria kutosikiliza baada ya mpigo wa ventrikali. Kamwe msianzishe dawa kwa kuamini kaunta peke yake.

Mwenye valvu ya mitrali iliyobana kwa homa ya rumatiki, nao si wachache hapa kwetu, anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) 2 hadi 3. Jaribio la INVICTUS la 2022 lilionyesha rivaroksabani, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, haifai nafasi hiyo.

Siku ya kuweka betri, mwenye hatari kubwa ya kiharusi msimkatishie warfarini na kumpa heparini badala yake. Katika jaribio la BRUISE CONTROL (2013), damu kubwa ilikusanyika kwenye mfuko wa betri kwa asilimia 16 ya waliopewa heparini, dhidi ya 3.5 ya walioendelea na warfarini. Na mfuko ukivimba, msivute damu kwa sindano: mtaingiza bakteria kwenye betri. Funga bandeji ya kukandamiza, angalia kila siku, na ngozi ikikazana au maumivu yakizidi mwite mpasuaji.