Usihesabu safari za chooni tu, pima na mbano

Karibu mwaka mzima kila daktari aliniuliza, "Unaenda haja ndogo mara ngapi kwa siku?" Nikijibu kumi na mbili, naye anaandika kumi na mbili. Ilikuwa kweli, lakini haikugusa kilichonitesa.

Kilichonitesa ni hiki: matatu ya Buruburu imekwama kwenye foleni ya Jogoo Road, na kibofu kinajikaza ghafla kama ngumi. Nashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, nabana mapaja, hata kondakta akidai nauli simsikii. Mara mbili nilishuka njiani kutafuta choo cha kulipia na sikukifikia.

Huo mbano ndio kiini cha ugonjwa wangu, kibofu kinachojikaza kupita kiasi (overactive bladder). International Continence Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa matatizo ya kuzuia mkojo, iliueleza mwaka 2002 kuwa ni hamu ya kukojoa inayokuja ghafla, yenye nguvu, na ngumu kuizuia. Haja ya kawaida hupanda polepole, nawe unamaliza kwanza ulichoshika.

Baada ya mkojo na sukari kupimwa (usiruke hatua hii, maambukizi na kisukari pia hukukimbiza chooni), muuguzi mmoja alinifundisha kuandika namba kila ninapokojoa. Sifuri, sikubanwa kabisa. Moja, nimebanwa kidogo, naweza kungoja nitakavyo. Mbili, naweza kungoja kidogo tu bila hofu ya kujilowesha. Tatu, siwezi kungoja, lazima nikimbie. Nne, mkojo umenitoka kabla sijafika.

Nilifanya hivyo siku tatu. Daftari dogo, jagi ya plastiki yenye alama za mililita, saa, nilichokunywa, kiasi kilichotoka, na namba. Andika namba papo hapo. Ukingoja jioni, utakumbuka ule mbano mbaya kuliko yote na siku nzima utaiona ya namba tatu.

Daftari lilinishangaza. Kati ya zile safari kumi na mbili, tano zilikuwa sifuri: kabla ya kutoka nyumbani, kabla ya kupanda matatu, kabla ya mkutano. Ilikuwa hofu inanipeleka. Safari za namba tatu zilikuja na mililita mia moja hivi, wakati kibofu cha mtu mzima hubeba mia tatu hadi mia tano, na nyingi zilifuata chai ya rangi ya saa nne.

Nikapunguza chai, nikajizoeza kuchelewesha haja kwa dakika kumi na tano, nikakaza misuli ya nyonga kila siku, nikameza dawa niliyoandikiwa. Wiki kadhaa baadaye safari zilikuwa kumi. Kwa hesabu hiyo peke yake ningeiacha dawa. Lakini safari za namba tatu zilikuwa zimeshuka kutoka nne kwa siku hadi moja, na daktari alipoona ukurasa huo akaniambia niendelee.

Shangazi yangu ana tatizo hilohilo na hapendi kuandika. Akitoka chooni huniinulia vidole, nami naandika. Leo asubuhi aliniinulia ngumi iliyofumbwa mara mbili, kisha kidole kimoja.