Jibu: Tovuti ya korosho imeshuka Google, nifute kurasa?

Kaka, umeuliza kama ufute kurasa zako za korosho za Newala uanze upya, kwa kuwa umetoka ukurasa wa kwanza wa Google hadi wa tatu. Tafadhali usifute kitu! Fungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji; inatunza takwimu za miezi 16, ulinganishe mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Nafasi yako kwenye matokeo ikiwa palepale, na walioiona tovuti walipungua vilevile mwezi kama huu mwaka jana, huo ni msimu tu. Minada ikianza Oktoba watafutaji hurudi. Nafasi yenyewe ikiporomoka, tazama ni kwa maneno gani.

Mimi natembeza wageni Mikindani. Mwaka 2024 tovuti yangu ilishuka vibaya, na kosa lilikuwa langu: kurasa zilizoanguka ni zile nilizojaza maelezo ya kunakili. Ule wenye picha nilizopiga mwenyewe za milango ya zamani, na nauli ya bajaji kutoka Mtwara mjini, haukutikisika hata kidogo. Nikaziandika upya moja moja. Ilichukua miezi, kaka.

Weka hapa maneno yaliyoshuka, tuyaangalie pamoja.