Kupiga hesabu kwenye safu kubwa ya NumPy bila kunakili data

Mkuu, unasema una vipimo milioni 100 vya float64 (namba za desimali, baiti 8 kila moja) kwenye safu ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, RAM iliyobaki ni kama nusu gigabaiti, na programu inakufa ukiita np.std (mkengeuko sanifu, yaani namba zinavyotawanyika) ingawa faili umelifungua kwa np.memmap, inayosoma faili kutoka diski bila kulipakia lote kwenye RAM. Kulifungua umelifungua vizuri. Anayekula RAM ni np.std yenyewe.

Mimi nachakata data za mita za umeme, mafaili ya baiti tupu, na memmap ndiyo natumia kila siku. Ukikata a[::2] bado unachungulia data ileile. Ukichuja kwa sharti, a[a > 0], tayari ni nakala. Ukitilia shaka, iulize np.shares_memory kama safu mbili zinatumia kumbukumbu moja.

Kujumlisha na kutafuta wastani hakuna shida. Ila np.std huondoa wastani kutoka kila namba, na majibu huyaweka kwenye safu mpya nzima: kwako ni megabaiti 800. np.nanmean nayo hunakili kila kitu ili iweke 0 penye NaN (alama ya thamani isiyopo), afadhali np.mean na where= (sharti la namba za kuhesabu), ambayo ipo tangu toleo la 1.20.

Basi soma vipande vya milioni moja moja. Kila kipande kipatie idadi n, wastani m na S, jumla ya miraba ya tofauti na wastani wake. Kuunganisha viwili: S = S1 + S2 + (m2 − m1)² · n1 · n2 / (n1 + n2). Mwishoni S / n ndiyo variansi, na kipeuo chake cha pili ndicho np.std ingekupa. Ile njia ya mkato ya wastani wa miraba kutoa mraba wa wastani iache. Namba zikiwa kubwa na zinakaribiana, tarakimu hupotea na unaweza kupata variansi hasi!

Kazi ipo kwa namba ya katikati (median). np.median hunakili, na overwrite_input=True (ruhusa ya kupanga namba palepale zilipo) ni dawa mbaya kwa data ya kuazima: huvuruga mpangilio wa mwenye data, na kama memmap umeifungua kwa "w+" au "r+", zinazoruhusu kuandika, umeharibu faili. Fungua kwa "r", ya kusoma tu, ili ikatae.

Mimi hutumia np.histogram, ambayo huhesabu namba ngapi zimo katika kila fungu la thamani, na hupita kwa vipande yenyewe. Natafuta fungu lenye namba ya katikati, kisha nakusanya namba za fungu hilo tu na kuzipanga. Likibaki nene, naligawa tena.