Mgeni wa wiki tatu asipewe mtoto wa kumlea

SWALI: Nasimamia makao ya watoto huku Moshi. Kila Juni wakala hutuletea wanafunzi kutoka Ulaya wa kujitolea wiki tatu, baadhi yao wanasomea udaktari. Niwapangieje zamu ili kila mtoto apate mgeni wake wa karibu? Na wanaweza kutusaidia kutoa dawa? (Mlezi Mkuu)

JIBU: Dada, la dawa nalimaliza upesi: hapana. Anayesomea udaktari bado si daktari, na hata daktari kamili wa kigeni hatibu mtu nchini bila kusajiliwa kwanza na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kilichoniuma ni huyo "mgeni wa karibu". Karibu kila makao ninayokagua naambiwa hivyo hivyo: watoto wamekosa upendo, wageni wanao tele, basi wagawiwe. Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba huyu ana tiketi ya kurudi. Atamzoea, atamlilia, na kabla hajatulia analetewa mwingine. Misimu ikipita utamwona anamrukia shingoni yeyote anayeshuka garini, na wageni watasifu watoto wenu ni wachangamfu. Si uchangamfu huo. Ni mtoto asiyetofautisha tena nani wake na nani si wake, na ndiye mwepesi kuliko wote kunaswa na mtu mwenye nia mbaya.

Kwa hiyo kulisha, kuogesha na kulaza kubaki kwa walezi wa kudumu. Mgeni apewe kazi ya kuwapunguzia walezi mzigo: kufua, kupanga stoo, kupaka rangi, kuwafundisha kompyuta wale wanaotunza mahesabu. Kazi hiyo iandikwe kabla hajapanda ndege, na awe na msimamizi mmoja anayejulikana. Muda wa msimamizi huyo nao ni gharama yenu.

Sasa hawa mawakala. Wanawauzia vijana nafasi, kisha wanawaletea ninyi sera ya ulinzi wa mtoto iliyochapwa tayari, jina la kituo linajazwa kwa kalamu, wanasema saini yatosha. Haitoshi hata kidogo! Kwa kila mgeni dai cheti cha polisi wa kwao cha kuonyesha hana rekodi ya uhalifu, wadhamini wawili utakaowapigia wewe mwenyewe, na kibali cha Uhamiaji cha kujitolea, si viza ya utalii. Akiwa navyo vyote, bado asiachwe peke yake na mtoto wala asiwapige picha kwa simu yake.

Mgeni akishalipa ili akutane na yatima, kuna mtu atatafuta yatima wa kumwonyesha, hata kwa kumtoa mtoto kwa mama yake. Watoto wengi walio kwenye makao wana mzazi aliye hai. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zishughulikie madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima. Wakala akianza kwa kuuliza mna watoto wadogo wangapi, kabla hajauliza mna upungufu gani wa kazi, mkatalie hapo hapo na umjulishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.