Asili ya "Eli" katika majina yetu

Ndugu, umeuliza kwa nini hapa Moshi kuna akina Elibariki, Elisante na Elirehema wengi hivyo. "Eli" ni Kiebrania, maana yake "Mungu wangu", neno lilelile ambalo Yesu alilia nalo msalabani katika Mathayo 27:46, nalo lilizoeleka Uchaggani kupitia Ulutheri, ulioletwa na wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1893. Elibariki linanigusa zaidi, kwa kuwa "bariki" limetoka Kiarabu, lugha iliyo ndugu na Kiebrania, na ndiyo maana katika Ayubu 32 baba yake Elihu anaitwa Barakeli, sehemu zilezile mbili, "bariki" na "Eli", zikiwa zimegeuzwa mpangilio. Bibi yangu, ambaye cheti chake cha ubatizo kimechanika mikunjoni, aliitwa Aika, yaani asante kwa Kichagga, na jina hilo nimempa binti yangu.