Mtoto akiumia kwenye kiwanja cha kampuni ya maji, nani atalipa?

Ndugu uliyeuliza kama msaini ile karatasi ya kampuni ya maji ya kuwaruhusu kutumia kiwanja chao ndipo ligi ya watoto ianze kando ya matangi: msiisaini ilivyo. Mimi si wakili, ila nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha michezo huku Pwani kilichotumia kiwanja cha aina hiyo hiyo, na suala hili lilitufikisha mezani kwa wakili.

Kwanza, achana na majibu ya mtandaoni yanayodai mwenye ardhi halipi kitu akiwaruhusu watu wacheze bure. Hiyo ni sheria ya Marekani. California wanayo tangu 1963 na majimbo mengine yana zao, ziliwekwa makusudi ili wenye ardhi wasiogope kufungua mageti. Huku Kenya kinachotuhusu ni Sura ya 34 ya sheria zetu (Occupiers' Liability Act, yaani sheria ya wajibu wa anayedhibiti mahali), iliyofuata ile ya Uingereza ya 1957. Anayedhibiti mahali lazima achukue tahadhari ya kutosha ili mgeni aliyeruhusiwa awe salama katika shughuli iliyomleta, na ajue kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Bango la "Hatari" halimwokoi mpaka litoshe kweli kumkinga mtu. Mtoto wa miaka 7 anayekimbiza mpira hasomi bango.

Sasa karatasi yenyewe. Nyingi huwa na maneno mawili yaliyochanganywa: kwamba kampuni haitawajibika kwa ajali yoyote, na kwamba kikundi kitairudishia kampuni gharama za madai yote. Watu huogopa la kwanza, na kumbe halina nguvu hivyo. Sura ya 34 yenyewe inasema mwenye mahali akifungwa na mkataba kuwaruhusu watu wengine waingie, mkataba huo hauwezi kuwapunguzia haki wale ambao hawakuwamo. Mtoto hakusaini, wala mamake. (Kama ni kibali cha bure tu bila mkataba, wakili wao atapata pa kubishania.) Linalouma ni la pili. Mtoto anashinda kesi, kampuni inalipa, kisha inawageukia nyinyi. Na kikundi kisichosajiliwa hakina mfuko wake mbele ya mahakama, kwa hiyo watakaotafutwa ni wale walioweka sahihi.

Kwetu, pembeni mwa kiwanja palikuwa na chemba ya valvu (shimo la kufungulia na kufungia bomba) ambayo mfuniko wake wa chuma ulikwenda na watu wa skrapu. Tuliandika barua, tukaipeleka kwa mkono, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna fundi aliyekuja. Baadaye kijana mmoja, wala hakuwa wa timu yetu, alitumbukia akivunjika paja. Jibu la kwanza la kampuni: huyo ni mvamizi.

Wakili wa familia akawauliza ni mvamizi gani anayecheza kila jioni mbele ya mlinzi wao. Ukijua watu wanaingia na ukanyamaza, kimya chako kinaweza kuhesabiwa kuwa ruhusa. Tena akawatajia kesi ya Herrington ya Uingereza. Mwaka 1965 mtoto wa miaka 6 alipita kwenye ua uliovunjika akaungua kwenye reli ya umeme. Mkuu wa stesheni alikuwa ameshaambiwa watoto wanaonekana relini, na mwaka 1972 shirika la reli likabebeshwa lawama ingawa mtoto hakuwa na ruhusa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila huwa wanaisikiliza. Kampuni ililipa hospitali na fidia kabla ya kesi kufika mbali. Kwa maoni yangu, ule muhuri ulifanya kazi kuliko hoja zote.

Tulipojadiliana upya, tulikata mstari wa "madai yote". Kikundi kikabeba makosa yake: magoli yasiyofungwa vizuri, watoto kuachwa bila msimamizi. Kampuni ikabeba vyake, yaani chemba, mabomba, mitambo na ua. Walinuna, lakini walikubali. Kisha tukatafuta bima ya kugharamia watu wanaoumia uwanjani, na wakala wa bima alitaka kwanza kuona hicho kibali.

Umesema pia kuna nyaya kubwa za stima zinakatiza juu. Hapo ulizeni mara mbili. Njia ya laini ya kilovolti 132 huwa na upana wa mita 30, na mara nyingi ardhi iliyo chini inabaki ya mwenyewe, mwenye laini ana haki ya kupita tu. Ruhusa ya mmoja si ruhusa ya mwingine. Milingoti ya goli ya chuma na tiara za watoto msiziweke huko hata mkiruhusiwa na wote wawili.

Madai ya kuumia kwa uzembe yana muda wa miaka 3 wa kufungua kesi. Mshtakiwa akiwa serikali yenyewe ni miezi 12, kwa hiyo fanyeni upekuzi wa hati mapema mjue kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Ukipenda, funika majina uweke picha ya ile karatasi hapa, nikuonyeshe maneno tuliyoyabadilisha sisi.